Skrini Ikizimika Baada ya Kusasisha Kompyuta
Skrini ya kompyuta ya mezani ikizimika baada ya masasisho ya Windows, mkazi asikimbilie kununua nyingine. Huenda tatizo ni draiva mpya ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuonyesha picha.

1. Hakikisha nyaya za skrini zimekaza.

2. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva itaanza upya bila kufuta faili.

3. Picha ikirudi kisha ipotee tena na tena, fungua "Device Manager", halafu "Display adapters". Bofya jina la kadi mara mbili, uingie "Driver", na uchague "Roll Back Driver" ili kurejesha draiva ya awali.

Picha isiporudi kabisa, tafuta fundi. Mwambie anakili faili zako kabla ya kuweka Windows upya.