Ndege ya Kivita Iliyovikwa Shanga: Istilahi za Sanaa Itokanayo na Silaha

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza kikundi kidogo cha maneno ambacho wafasiri na walimu wa sanaa hukihitaji, lakini ambacho bado kinatumiwa kiholela. Maneno hayo yahusu sanaa inayotokana na silaha: bunduki zilizokatwa zikafanywa viti, magari ya deraya yaliyofunikwa kwa shanga, na hata ndege nzima ya kivita iliyovikwa ushanga toka puani hadi mkiani. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni dogo mno kuchukua nafasi katika jarida hili. Sisi twaona kinyume. Istilahi ikichaguliwa vibaya hapa, hazipotei maana za vitu tu. Kazi za watu nazo hupotea.

1. Jambo lenyewe

Mfano tutakaoutumia ni wa ndege aina ya MiG-21. Ndege hii ilibuniwa katika Urusi ya Kisovieti, ikaanza utumishi wa kijeshi mwaka 1959, na zaidi ya 10,000 zikaundwa. Herufi za jina lake zatokana na wabunifu wawili, Mikoyan na Gurevich. Katika vita vya Angola, marubani wa Angola na wa Kuba waliziendesha kupambana na majeshi ya Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jina hilo si geni, kwani katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 majeshi ya anga ya Uganda na ya Tanzania yote mawili yalikuwa na ndege za MiG.

Msanii Ralph Ziman, mzaliwa wa Johannesburg aishiye Marekani, alipata MiG-21 moja iliyokwisha ondolewa katika utumishi. Kwa muda wa miaka mitano hivi, yeye pamoja na watu zaidi ya 100, wengi wao mafundi wa ushanga kutoka Zimbabwe na Afrika Kusini, wakiwamo wanawake wa Kindebele wa Mpumalanga, waliifunika ndege hiyo kwa makumi ya mamilioni ya shanga za kioo. Mwaka 2025 ndege hiyo iliwekwa katika maonyesho kwenye jumba la makumbusho ya urukaji mjini Seattle. Hiyo ni kazi ya tatu katika mfululizo mmoja. Ya kwanza ilihusu bunduki za AK-47, na ya pili ilihusu Casspir, lile gari la deraya ambalo polisi wa Afrika Kusini walilitumia katika mitaa ya Waafrika wakati wa ubaguzi. Jina Casspir lenyewe ni somo la istilahi: limeundwa kwa kuchanganya na kupanga upya herufi za vifupisho viwili, SAP, yaani polisi wa nchi hiyo, na CSIR, yaani baraza lake la utafiti wa kisayansi.

2. Majina ya silaha

Upande wa silaha, lugha yetu haina unyonge. Kiswahili kimeyapokea mengi ya mambo haya kwa njia ya kupanua maana. Mnyama arukaye aliipa jina lake mashine irukayo, nayo ikawa ndege. Mzinga wa nyuki uliipa jina silaha yenye umbo la gogo lililotobolewa. Kifaru wa porini aliipa jina gari la chuma lisilozuilika. Rubani, aliyekuwa akiongoza vyombo vya baharini, alipanda hewani na cheo chake. Palipofaa kukopa tulikopa, tukapata manowari na deraya.

Ila mfasiri yampasa atenganishe maneno mawili yanayochanganywa mno katika nyaraka za ofisi. Ndege ya kijeshi ni ndege yoyote iliyo mali ya jeshi, hata ikiwa kazi yake ni kubeba magunia ya unga. Ndege ya kivita ni ile iliyoundwa kwa ajili ya kupigana. MiG-21 ni ya kundi la pili. Tofauti hii ina uzito katika maelezo ya sanaa, kwani nguvu ya kazi hii imo katika kwamba kilichovikwa shanga ni chombo cha kuua, wala si chombo cha uchukuzi.

Tatizo la pili ni hali ya ndege hiyo kabla ya kufikiwa na msanii. Wengine huandika “ndege iliyostaafu”. Kustaafu ni haki ya mtumishi, si ya mashine, ingawa katika mazungumzo ya mzaha latumika. Wengine huandika “ndege mbovu” au “chakavu”. Maneno haya yaeleza uzima wa kitu, hayaelezi uamuzi wa mwenye mali. Ndege yaweza kuondolewa ingali nzima. Twapendekeza “ndege iliyoondolewa katika utumishi”. Ni refu kidogo, lakini ni kweli, na maofisa wataliona ni jamaa wa maneno wanayoyatumia kila siku.

3. Ushanga na kazi yake

Upande wa ushanga, utajiri wetu ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Kwa karne nyingi shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi zilipita katika miji ya pwani, kama vile Kilwa na Sofala, zikafika bara hadi Zimbabwe na Mapungubwe. Basi si ajabu kwamba Kiswahili kina maneno ya kale kama samesame, ushanga mwekundu uliotumika katika biashara ya misafara. Utunda, yaani shanga za kiunoni. Na kondavi, ule mshipi wa shanga uliovaliwa na wanawake. Mwalimu asiyaache maneno haya yafe kwa kuandika “shanga” kila mahali.

Kuhusu sarufi, ushanga ni wa ngeli ya U-ZI: ushanga huu, shanga hizi. Umoja wake hutumika pia kwa jumla ya kitu, kama tusemavyo “amevaa ushanga”, ilhali shingoni pana chembe mia. Kwa hiyo panapotakiwa hesabu, na hasa hesabu za mamilioni, heri kuandika “shanga” au “chembe za ushanga”, ili msomaji asidhani kwamba ni mamilioni ya mikufu.

Vitendo navyo vitenganishwe. Kutunga ni kupitisha uzi au waya katika matundu ya shanga, moja baada ya nyingine. Kushona ni kuzikaza shanga juu ya nguo au ngozi kwa sindano. Kufuma ni kuziunganisha kwa nyuzi zinazopishana hata ukapatikana utando mmoja. Kubandika ni kuushika utando huo juu ya kitu kingine. Ndege yenye urefu wa zaidi ya meta 15 haiwezi kushonwa, kwani chuma hakipokei sindano. Shanga hufanywa kwanza kuwa vipande vyenye kipimo na nakshi iliyokusudiwa, kisha vipande hivyo hubandikwa juu ya mabawa, kiwiliwili na mkia. Mfasiri aandikaye kwamba ndege “ilishonwa shanga” amempotosha msomaji kuhusu kazi yenyewe.

4. Kupamba, kuvika, kugeuza

Sasa twafika penye ugumu. Je, ndege hii imepambwa, imenakshiwa, imevikwa, au imegeuzwa?

Kunakshi, neno lenye asili ya Kiarabu, hutumika hasa kwa michoro na machongo katika kitu chenyewe, kama milango ya Lamu na Unguja. Bati la ndege hii halikuchongwa. Nakshi imo katika ushanga, haimo katika ndege. Basi “nakshi za Kindebele” ni usemi sahihi, lakini “ndege iliyonakshiwa” una walakini.

Kupamba ni neno pana, na wengi hulikimbilia. Wako wanaolikataa wakisema kwamba kupamba silaha ni kuisifu. Hofu yao si ya bure. Ulimwenguni mmejaa majambia ya fedha na panga zenye mipini ya dhahabu, na mapambo hayo yalikuwa ya kutukuza. Lakini yafaa tukumbuke matumizi ya watu wa pwani. Bibi arusi hupambwa, na maiti naye hupambwa kabla ya kuzikwa. Neno hilohilo lachukua furaha na maombolezo. Kwa hiyo kupamba hakulazimishi sifa. Maana yake hutegemea kilichopambwa na kwa nini. Mashine iliyokoma kuruka, ikapambwa na mikono ya watu wa nchi zilizoonja vita, inaweza kubeba maana zote mbili bila kuongezewa neno. Twaona kupamba kubaki kuwa neno la jumla.

Kwa ufundi wenyewe, hata hivyo, twapendekeza kuvika shanga. Kuvika hueleza kwamba kitu kimefunikwa na umbo lake limebaki. Hapo ndipo ilipo tofauti na mfano mwingine maarufu, wa Msumbiji. Huko, mwaka 1995, Baraza la Wakristo lilianzisha mpango wa kukusanya silaha zilizobaki baada ya vita na kuwapa waliozisalimisha zana za kazi. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakaunga vipande hivyo kuwa sanamu. Kiti cha enzi kilichotengenezwa na Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki, kimo katika makumbusho ya British Museum mjini London. Hicho hakikuvikwa, kimegeuzwa. Bunduki haiwezi tena kurudi kuwa bunduki. Ndege ya shanga ingali ni ndege kwa umbo, na mtazamaji hawezi kusahau alichokiona chini ya rangi zile. Kuziita kazi hizi mbili kwa jina moja ni kufuta hoja ya kila mojawapo.

5. Nani mtunzi?

Swali hili ndilo lililotusukuma kuandika. Katika tafsiri za maelezo ya maonyesho, mara nyingi mwenye wazo huitwa “msanii”, na wale waliotunga shanga huitwa “wafanyakazi”, “wasaidizi”, au hata “vibarua”. Mfasiri hudhani kwamba ametafsiri. Kumbe ameamua shauri.

Lugha yetu yenyewe yampinga. Kitenzi kutunga ni kimoja kwa shanga na kwa mashairi. Apangaye maneno kwa vina na mizani ni mtunzi, na apangaye chembe kwa rangi na mistari afanya tendo la jina hilohilo. Nakshi za Wandebele si rangi zilizotupwa ovyo. Mavazi yao ya shanga hupambanua msichana, bibi arusi na mwanamke aliyeolewa. Asiyejua utaratibu huo hawezi kuutunga. Tena ulimwengu umekwisha kubali kwamba ujuzi wa aina hii ni usanii kamili: Esther Mahlangu, mwanamke wa Kindebele, alipopaka nakshi za kwao juu ya gari la BMW mwaka 1991, jina lake liliandikwa kama la msanii, si kama la kibarua.

Twakubali kwamba katika kazi ya watu zaidi ya mia moja lazima awepo mwenye wazo na mwongozo, na haki yake isifichwe. Kwa sababu hiyo twapendekeza maneno mawili yanayokaa pamoja bila kunyang’anyana: mbunifu, kwa mwenye wazo na mpango, na mtunga shanga, wingi watunga shanga, kwa aliyefanya ushanga kuwa nakshi. Neno msanii liwaenee wote. Maelezo yaandikwe kwa utaratibu huu: ubunifu wa fulani, utungaji wa shanga wa fulani na fulani. Majina yakiwa hayakutolewa, itajwe jumuiya yao na mahali watokapo, isiandikwe “wasaidizi”.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Ndege ya kivita: ndege iliyoundwa kwa ajili ya kupigana.

Ndege ya kijeshi: ndege yoyote iliyo mali ya jeshi.

Kuondolewa katika utumishi: kusitishwa kwa matumizi rasmi ya chombo, kiwe kizima au kibovu.

Chembe ya ushanga: ushanga mmoja, hasa katika hesabu.

Utando wa shanga: kipande kilichopatikana kwa kutunga au kufuma shanga pamoja.

Kuvika shanga: kufunika kitu kwa utando wa shanga huku umbo lake likibaki.

Kugeuza silaha: kukata au kuunga silaha upya hata isiweze kutumika tena kama silaha.

Sanaa itokanayo na silaha: jina la jumla la kazi zote za aina hizi.

Mbunifu: mwenye wazo na mpango wa kazi ya sanaa.

Mtunga shanga: msanii aundaye nakshi kwa shanga.

Mapendekezo haya si amri. Walimu walio karibu na mafundi wa ushanga, iwe ni Umaasaini au kwingineko, wanayo maneno ambayo hayajaingia katika kamusi, hasa majina ya mishono, ya nyuzi na ya rangi. Tunawaomba watuletee, pamoja na mfano wa sentensi na jina la mahali lilikosikika, ili yapimwe kabla ya kusanifishwa. Wafasiri nao watuambie palipowakwama. Neno litakalokubaliwa na watunga shanga wenyewe litakuwa na mizizi mirefu kuliko lolote tutakalolibuni sisi mezani.