Disiki ya Kamina iliyofika Uingereza: Missa Luba na watoto walioimba

Mwaka 1969, kwenye orodha ya disiki zinazonunuliwa sana Uingereza, kati ya vijana wa magitaa na madada wa sauti tamu, kulikuwa na sauti za watoto wa masomo ya Kamina. Wimbo wao, Sanctus, ulipanda mpaka namba 28. Disiki hiyo ndogo ilitolewa na kampuni ya Philips, ile ile iliyokuwa inamtoa Dusty Springfield, mmoja wa waimbaji wanawake waliopendwa kupita wote Uingereza wakati ule.

Vijana wengi wa hapa wamekwisha kusikia jina la Missa Luba, lakini namna ilivyozaliwa si wote wanaoijua. Basi tuanzie mwanzo.

Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina kuongoza masomo. Hakukawia, akaunda korali: watoto wanaume karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wao kama 15 na wapiga ngoma. Ulikuwa wakati wa wakoloni, kwa hiyo jina likawa la kikoloni vilevile: Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Wabelji.

Maneno ya misa yalibaki ya Kilatini, maana wakati ule Kanisa halikuruhusu lugha nyingine. Lakini sauti, mwendo na ngoma vilitoka kwa watu. Haazen mwenyewe alieleza kwamba misa haikuandikwa kwanza kwenye karatasi. Ilitengenezwa kwa kuimba pamoja, mmoja anatupa sauti, wengine wanaipokea. Kyrie ilifuata namna ya kasala. Sanctus ilitoka kwa wimbo wa kuagana wa Kiluba. Ndani ya Credo, kabla ya kufika kwenye kifo cha Yesu, ngoma inalia namna inavyolia kijijini kutangaza msiba. Mtu wa hapa hahitaji kujua Kilatini kusudi aelewe pale.

Tena si Kiluba peke yake. Agnus Dei ilitoka kwa Bena Lulua, na kwenye ile disiki kubwa, upande wa nyimbo za asili, mnasikika pia Wakanyoka. Kwa nini? Juu ya reli. Kamina ni pahali njia ya treni inapogawanyika: moja inaenda Kasai mpaka Ilebo, nyingine inaelekea Kabalo na ziwa Tanganika. Watu wa kila upande walikuja kutafuta kazi, wakakaa jirani, watoto wao wakasoma pamoja. Mule ndani ya disiki moja kuna muji mzima.

Misa iliimbwa tarehe 23 Machi 1958 kwenye misioni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina. Mwaka uleule korali ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, ikapita Uholanzi na Ujerumani, na Philips wakarekodi. Miaka mitano baadaye, Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungulia mlango nyimbo na lugha za watu kanisani. Kamina walikuwa wamekwisha kuingia.

Halafu sinema zikaichukua. Mwitalia Pasolini aliweka Gloria ndani ya filamu yake ya Injili ya Matayo, 1964. Mwingereza Lindsay Anderson akaweka Sanctus ndani ya If...., 1968, sinema ya wanafunzi wanaoasi masomo yao. Kijana mmoja anaipiga tena na tena chumbani kwake. Hiyo ndiyo iliyofanya Waingereza wakimbilie dukani.

Turudi kwa Dusty Springfield. Alizaliwa Mary O'Brien, na mwaka 1964 alifukuzwa Afrika Kusini kwa sababu alikataa kuimbia watu waliotengwa kwa rangi. Alifariki 1999. Nyimbo zake za miaka ya sitini zimekusanywa mara nyingi ndani ya mikusanyo, na mikusanyo ya namna ile huja na kijitabu: nani alitunga, nani alipanga vyombo, wimbo ulitoka mwaka gani. Ivor Raymonde, aliyempangia muziki, bado anajulikana kwa jina.

Kwa disiki ya Kamina, jina la Padri linajulikana, na la mwalimu Joachim Ngoi, aliyeimba peke yake mbele ya korali. Wengine wote wameitwa kwa jina la mfalme. Na jina si heshima tu, ni franga pia: kwa sheria ya haki za watunzi, wimbo wa asili hauna mwenyewe, lakini anayeandikwa kuwa ndiye aliyeupanga anaweza kulipwa. Nota zilizochapwa Marekani zinamtaja Haazen kuwa mpangaji. Hiyo haifuti kazi yake, maana bila yeye labda kusingekuwa na disiki. Lakini kazi iliyotengenezwa kwa sauti za watu sitini imebaki na jina moja kwenye karatasi. Na kasala, ile iliyozaa Kyrie, ni ufundi wa kutaja mtu kwa majina yake na ya wazee wake!

Misa yenyewe haijalala. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya, na wimbo Banaha wa disiki ileile unaimbwa na korali za masomo Amerika na Ulaya.

Watoto wa 1958 walizaliwa kati ya 1944 na 1949. Walio hai leo ni wazee wenye kupita miaka sabini na tano, na ni wao wanaoweza kusema nani alisimama kando ya nani siku ile misioni.