Sengula: Wimbo wa mapenzi uliotoka Kisa

WAKENYA wengi hawahitaji kuambiwa Jim Reeves ni nani. Sauti yake nzito iliingia sebuleni mwa wazazi wetu kupitia redio na haikutoka tena. Wimbo wake "He'll Have to Go", ule wa mwanamume anayembembeleza mpenziwe kwenye simu, ulikaa kileleni mwa chati ya kantri nchini Marekani kwa wiki 14 mwaka 1960. Huku kwetu ungali unasikika arusini, matangani na ndani ya matatu za Jumapili. Si ajabu basi kwamba kijana wa Nairobi au Nakuru hudhani wimbo wa mapenzi wenye gita na majonzi ya kijijini sharti utoke Texas au Tennessee.

La hasha! Kakamega ina wake, na ulivuma wakati huohuo. Unaitwa "Sengula Nakupenda", na aliyeutunga na kuuimba ni George Mukabi.

Mukabi alizaliwa mnamo 1930 huko Kisa, sehemu ambayo leo iko Khwisero katika Kaunti ya Kakamega. Ni nchi ya vilima, mahindi na migomba, na tangu zamani vijana wake wamekuwa wakiondoka kwenda kutafuta kazi Kisumu, Nairobi na kwenye mashamba ya walowezi. Walirudi likizoni na sukari, blanketi na, kwa waliobahatika, gita. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa KAR nao walirejea na vitu vya ugenini, gramafoni na santuri zikiwemo.

Santuri hizo zilisafiri mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwanasa wasichana wa Kikipsigis wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi aliyefariki mwaka 1933! Miaka miwili baadaye, Tracey huyohuyo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda wa Katanga akipiga "Masanga", na wapigaji gita wa Afrika Mashariki wakajifunza mengi kutoka kwa Mkongo huyo.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kumwona Mukabi kama mwigaji wa Bosco au wa Wamarekani. Alichofanya ni kulichukua gita na kulifundisha kuongea lugha ya ngoma. Kila aliyehudhuria sherehe Kakamega anaijua isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, kila moja na kauli yake, na ukizisikiliza pamoja huwezi kutulia kitini. (Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.) Mukabi aliihamishia kwenye nyuzi sita. Kidole gumba kinadunda besi bila kupumzika, kana kwamba ndicho ngoma kubwa. Kidole cha shahada kinaruka juu ya nyuzi nyembamba, kikijibu na kuchokoza. Asiyejua huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mtindo huo ndio uliokuja kuitwa omutibo.

Halafu kuna chupa. Ndiyo, chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye migongo migongo, inayogongwa na kukwaruzwa kwa kipande cha chuma ili kushika mwendo. Jirani zao wa Bunyore, kundi la Abana ba Nasery lililoongozwa na Shem Tube, walibaki na chupa hiyohiyo hata walipotoa albamu "Nursery Boys Go Ahead!" mjini London mwaka 1992. Binafsi, sijasikia chombo cha bei rahisi kinachofanya kazi kubwa hivyo.

Jambo jingine lililoupa wimbo huu miguu ni lugha. Kichwa chenyewe kinamwita Sengula na kumwambia anapendwa, kwa Kiswahili chepesi ambacho dereva wa Mombasa na mchuna chai wa Kericho walikielewa. Mukabi hakumwachia mwenye gari na simu mambo ya mapenzi. "Malaika" ulivuka bahari, ukaimbwa na Miriam Makeba na baadaye Boney M. "Sengula" ulibaki nyumbani, ukipigwa na kila kijana wa magharibi mwa Kenya aliyeshika gita na kutaka kuthibitisha kwamba analijua.

Yaliyompata mtunzi ni ya kuhuzunisha. Mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru, Mukabi aliuawa na kundi la watu kufuatia ugomvi wa kinyumbani. Alikuwa katika miaka ya thelathini tu. Mtu aliyewafundisha wengine namna ya kutamka "nakupenda" alipoteza maisha kwa sababu ya mzozo wa ndoa, na sioni faida ya kulificha hilo kwa kuwa tu wimbo ni mtamu. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alipokua naye alishika gita na kuendeleza nyimbo za babake.

Santuri zenyewe zilitawanyika, nyingine zikavunjika. Mwaka 2017 ilikuwa kampuni ya Marekani, Olvido, iliyozikusanya baadhi na kuzitoa upya katika albamu moja. Sisi tulikuwa wapi?

Na wanafunzi wanaosoma biashara wapige hesabu hii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote, kisha miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Mukabi alifariki 1963. Kwa hiyo hata kwa kipimo hicho, muda ulikwisha Desemba 2013. Leo bendi yoyote ya hotelini inaweza kuimba "Sengula" usiku kucha, na haidaiwi kupeleka hata senti moja Kisa.