Sindano ya jeni iko mbali, unga wa pakiti ndio unaouzika

Biashara ya nguvu za kiume kisiwani Mombasa haikosi wateja. Marikiti kuna mkuyati na mkombero unaoletwa kutoka magharibi mwa nchi, jioni kuna supu ya pweza, na tangu hati miliki ya sildenafili, dawa ya nguvu za kiume iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, imalizike, vidonge kutoka India vimeshuka bei hata mchukuzi anavimudu.

Anayelia ni muuza mizizi mmoja wa Mji wa Kale. Vidonge havimsumbui, kinachomkera ni unga wa pakiti unaouzwa kwa jina la miti shamba. Dawa ya mti, asema, hufanya kazi polepole. Unga unaomwinua mtu kwa nusu saa umesagiwa kidonge ndani. Mteja akishauzoea, mzizi halisi huuona kama maji, kisha humtangazia muuzaji kuwa ni tapeli. Na wakaguzi wakipita, alalamika, huanzia barazani kwake. Huyu ni mshindani, maneno yake yapimwe. Lakini uchakachuaji wa aina hiyo unajulikana duniani kote, na mwenye kutumia dawa za moyo za naitreti akila unga huo aweza kushukwa na presha hadi kufa.

Afisa mmoja wa afya ashikilia kwamba kidonge hakiuzwi bila cheti cha daktari. Katika sheria, sawa. Dukani, anayejua kuuliza kwa sauti ya chini hupewa kimoja kimoja.

Wenye maduka wanaofuatilia habari hutaja tiba ya jeni. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani: wanaume 11 walidungwa mara moja jeni ya kulegeza misuli laini ya uume ili damu ijae. Madhara makubwa yatokanayo na sindano hayakuonekana, na waliopata dozi kubwa walieleza nafuu ya hadi miezi sita. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na hadi leo sindano hiyo haijafika sokoni. Bei nayo? Tiba ya jeni ya hemofilia B, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ilitangazwa kwa dola milioni 3.5.

Kwa sasa soko huenda likakua kwa sababu nyingine: kisukari na presha, ambavyo huharibu mishipa ya damu. Baadhi ya wagonjwa hao hata kidonge hakiwasaidii, na hao ndio unga wa pakiti unaowasubiri.