Ukuta bila mabao hautoshi

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, michuano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Zote tatu zilifika robo fainali. Zote tatu ziliishia hapo.

Harambee Stars na Taifa Stars zilicheza soka la kufanana: kuziba nyuma kwanza, kisha kusubiri nafasi. Kwenye makundi mtindo huo ulilipa. Katika mechi nne, kila moja ilifungwa bao 1 tu. Kenya iliilaza hata Morocco 1-0 pale Kasarani, ikiwa na wachezaji 10.

Lakini hatua ya mtoano haina sare. Kenya ilitangulia kuifunga Madagascar, bao likarudi kwa penalti, na matuta yakaitoa 4-3. Taifa Stars ilifungwa bao 1 na Morocco, ikakosa la kujibu. Uganda, iliyocheza kwa kufunguka zaidi hadi kutoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini, ililala 1-0 kwa Senegal.

Morocco ilirudi Kasarani kutwaa kombe kwa kuichapa Madagascar 3-2. Ilianza kwa kufungwa, lakini ilijua kutafuta bao. Mshambuliaji wake Oussama Lamlioui alimaliza na mabao 6.

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anajua: kulinda mtaji bila kuuza hakuleti faida. Nchi hizo hizo tatu zimepewa kuandaa AFCON 2027. Ukuta upo, wanaotafutwa ni wafungaji.