Ukungu Uliojificha Ukutani

Ukungu unaoota ndani ya nyumba ni kuvu, kama ulivyo ubwiriunga unaoshambulia mikorosho ya Newala na Masasi. Ubwiriunga huishi kwenye majani machanga na maua mabichi. Ukungu wa nyumbani hula mbao, fito, karatasi na vumbi. Mbegu zake, yaani spora, zimo hewani kila mahali na hazizuiliki. Kinachoziotesha ni maji: kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya siku 1 au 2, ukungu huanza kuota. Kwa hiyo fundi anayekarabati nyumba hutafuta kwanza maji yanakotoka, ndipo aushughulikie ukungu.

Katika uwanda wa Makonde huko Newala, vijiji vya kata ya Mnyambe vikiwemo, maji hayo yana njia tatu. Ya kwanza ni paa: bati lililotoboka hulowesha kenchi na dari bila mwenye nyumba kujua. Ya pili ni tangi la chini ya ardhi. Mchanga wa juu ya uwanda hunywa mvua upesi, na mito ni haba, hivyo kaya nyingi huchimba tangi uani na kukinga maji ya bati. Tangi likipasuka au kufurika karibu na nyumba, msingi hulowa. Ya tatu ni ardhi yenyewe. Ukuta wa miti na udongo hufyonza unyevu wa chini na kuutoa hewani. Ukishapigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Hubaki nyuma ya lipu, fito zikaoza huku ukuta ukionekana imara.

Dalili ya kwanza ni harufu ya uvundo, hasa chumba kinapofunguliwa baada ya kufungwa siku kadhaa. Rangi hututumka, na lipu iliyoachia ukuta hulia wazi ikigongwa kwa kifundo cha kidole. Unga mweupe ukutani si lazima uwe ukungu: ukiyeyuka kwenye tone la maji, ni chumvi, nayo huonyesha kuwa maji yanapita hapo. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani kwa gundi pande zote na kuachwa usiku kucha, matone upande wa ukutani yana maana kuwa ukuta una maji. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito isiyotoka.

Kubomoa sehemu iliyoota ukungu ndiko kunakotimua spora. Watoto, wazee na wenye pumu huhamishwa kwanza, kwani miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 inahusisha unyevu na ukungu wa ndani na maradhi ya njia ya hewa. Vyombo hutolewa, mlango wa ndani huzibwa kwa nailoni na madirisha ya nje huachwa wazi. Fundi huvaa barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, glavu na miwani, kisha hunyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiruke. Jipsamu, silingibodi na fito zilizooza hutolewa zote, hazisafishiki. Saruji na mbao ngumu husuguliwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. Dawa ya klorini hung'arisha juu tu. Mizizi iliyozama kwenye mbao hubaki. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga haifai ndani ya nyumba: vumbi lake huwasha macho na kifua, na haliondoi maji.

Ukuta hujengwa upya ukishakauka, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho wakati wake. Ukuta wa udongo hupigwa lipu ya udongo au chokaa, inayopitisha unyevu. Ukuta mpya wa tofali huwekewa nailoni juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza. Bati huzibwa, gata husafishwa kabla ya mvua za Novemba na Desemba, na tangi huwekewa bomba la kupeleka maji ya ziada mbali na msingi. Makabati na vitanda huachiwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite.