Masisi na Walikale: simu ya mtu wa anketi inaandika zaidi ya majibu

Watu wa anketi wanapofika kwenye kambi ya wahami au kijijini Masisi na Walikale, mama mwenye nyumba anaona jambo moja tu: kijana ameshika simu, anauliza, anabonyeza. Mko watu wangapi? Jana mlikula mara ngapi? Mlikimbia kutoka kijiji gani? Asichokiona ni kwamba ndani ya simu hiyo kuna mwandishi wa pili. Huyo anaandika swali lilifunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi, wapi mhojaji alirudi nyuma, na mara nyingine simu ilikuwa imesimama mahali gani.

Mwandishi huyo ni faili dogo ambalo programu inalijaza yenyewe. Wataalamu wanaliita faili la ukaguzi. Ndilo linaloweza kuonyesha kwamba orodha ya wenye kuhitaji msaada ilitungwa chini ya mti. Faili hilo hilo likisomwa vibaya, linaweza kumharibia jina kijana aliyefanya kazi yake vizuri, au kumwonyesha mtu mwenye bunduki familia fulani imejificha wapi.

Moja ya programu ambazo mashirika ya kihisani yanatumia sana kwa kazi hii ni KoboCollect. Imejengwa juu ya ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. KoboToolbox yenyewe ilianzishwa na watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck, watu wanaoijua sehemu hii ya nchi: mwaka 2007 waliongoza anketi kubwa Ituri na katika Kivu zote mbili, wakiuliza raia wanataka amani na haki ya namna gani.

Faida yake kwa Walikale inaeleweka haraka. Fomu inajazwa bila rezo. Simu inaweka kila kitu ndani yake, na siku mhojaji anapofika penye rezo anatuma vyote kwa pamoja. Lakini hapo hapo ndipo mashaka yanapozaliwa. Mkubwa wa kazi aliyebaki Goma au Bukavu anapokea fomu 30 kwa mara moja, siku 4 baadaye, kutoka kijiji ambacho yeye mwenyewe hawezi kufika. Atajuaje kama kweli mtu alipanda mlima akabisha hodi kwenye nyumba 30?

Faili la ukaguzi linajibu sehemu ya swali hilo. Anayetengeneza fomu anaongeza mstari mmoja tu, na kuanzia hapo kila fomu inabeba daftari lake. Daftari hilo ni jedwali la kawaida: safu ya kwanza inasema tukio gani limetokea (fomu imefunguliwa, swali limeonyeshwa, mhojaji ameruka kwenda swali lingine, fomu imehifadhiwa, imefungwa kabisa), ya pili inasema ni swali gani, ya tatu na ya nne zinasema tukio lilianza na kuisha lini. Tuchukue mfano: swali la idadi ya watu wa nyumba likifunguliwa saa 2:14 na sekunde 5, likafungwa saa 2:14 na sekunde 31, daftari litaonyesha sekunde 26. Kwa kuuliza, kusikiliza na kuandika, sekunde 26 ni muda wa kuaminika. Sekunde 1 haiaminiki.

Anayetengeneza fomu akitaka zaidi, anaweza kuomba mambo mengine mawili. La kwanza ni mahali: simu inaandika alama za GPS na kiasi zinavyoweza kukosea. La pili ni mabadiliko ya majibu: jibu la zamani na jibu jipya vinawekwa kando kwa kando. Bila ombi hilo la pili, daftari halibebi majibu ya mtu. Likiombwa, linayabeba, na jina lililofutwa kwenye fomu linaweza kubaki limeandikwa kwenye daftari. Ni jambo ambalo wengi wanaosambaza mafaili hayo kwa barua pepe hawalifikirii.

Kupata daftari ni rahisi. Kulichuja ndiyo kazi. Fomu ya maswali 80 inaweza kutoa mistari zaidi ya 100. Nyumba 400 zikiulizwa, hiyo ni mistari 40,000, na mingi kati yake haisemi kitu: kuhifadhi, kufunga, kufungua tena. Anayechuja anaanza kwa kuitoa hiyo, anabaki na mistari ya maswali peke yake, anatoa muda wa kuanza kwenye muda wa kuisha, kisha anapanga kwa jina la mhojaji na kwa swali. Hapo picha inaanza kutoka. Mhojaji mmoja anatumia sekunde 3 pale wenzake wanatumia 25. Mwingine fomu zake 12 zote zimefunguliwa usiku, moja nyuma ya nyingine.

Mstari mmoja unastahili kutazamwa kabla ya mingine yote. Ni ule wa ruhusa. Kila fomu nzuri inaanza na maelezo marefu: sisi ni nani, majibu yatatumika kwa nini, una haki ya kukataa, kukataa hakutakunyima msaada. Kuyasoma kwa sauti, tena kwa kuyatafsiri, kunahitaji dakika nzima au zaidi. Daftari likionyesha kwamba ukurasa huo ulipita kwa sekunde 2, basi mama yule hakuombwa ruhusa. Alibonyezewa ndiyo.

Ila namba hizo zinadanganya kwa urahisi mtu asiyejua nchi. Fomu nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa. Masisi, mhojaji atauliza kwa Kiswahili, kwa Kihunde au kwa Kinyarwanda. Walikale atauliza kwa Kinyanga, kwa Kitembo au kwa lugha nyingine ya pale. Anayezungumza lugha ya mama wa nyumba anamaliza mapema. Anayepitia kwa mtafsiri anachukua mara mbili ya muda. Kichujio kinachoweka mpaka mmoja kwa wote, kwa mfano kutupa kila fomu ya chini ya dakika 15, kinaweza kumfukuza yule anayefanya vizuri kuliko wote.

Mapengo nayo ni hivyo hivyo. Fomu imefunguliwa, imeachwa katikati, imeendelea saa 3 baadaye. Kwa mtu aliye mbali huo ni uvivu. Kwa mtu wa Masisi kuna maelezo mengine: risasi zililia, watu wakakimbia, mvua ikapiga kwenye hema, batri ikaisha na paneli ya jua ilikuwa kwa jirani. Fomu 20 zilizojazwa mahali pamoja? Inawezekana ni uongo. Inawezekana pia shefu wa kijiji aliwakusanya watu mbele ya kanisa kwa sababu njia ya kwenda juu haikuwa salama siku ile. Daftari haliwezi kutofautisha hayo. Simu ya dakika 5 kwa mhojaji inaweza.

Hata saa ina mtego wake. Programu haiandiki saa kama sisi tunavyoisoma. Inahesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya dunia. Anayefungua faili anaibadilisha kuwa saa ya kwake. Kivu Kaskazini iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Mahojiano yaliyofanyika Walikale saa 12 na nusu asubuhi, kabla watu hawajaenda shamba, yanasomeka Kinshasa kama ya saa 11 na nusu, giza tupu. Mtu anaweza kuandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya hesabu hiyo tu.

Mahali ndipo penye hatari kubwa. KoboCollect inamwonyesha mhojaji ujumbe kwamba fomu inafuata mahali alipo, na inampa nafasi ya kuzima. Lakini kuzima nako kunaandikwa kwenye daftari, na mara nyingi anayechuja anakuhesabu kama dalili ya udanganyifu. Kijana anayepita bariyera 3 kwa siku, mbele ya watu wenye bunduki wanaotaka kuona simu, ana sababu zake za kuzima. Akikutwa na alama za kila hatua aliyopita, kueleza kwamba ni kazi ya kihisani si rahisi.

Na maeneo yanabadilisha mikono. Kitchanga ilitekwa na M23 Januari 2023, Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Walikale-centre ilitekwa Machi 19, 2025, waasi wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Anketi iliyofanywa chini ya mamlaka moja inaweza kubaki kwenye simu, kompyuta au ofisi iliyo chini ya mamlaka nyingine. Hata data zilizo mbali na vita haziko salama zenyewe: Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia kwenye data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengwa na familia zao.

Njia za kupunguza hatari zipo ndani ya programu hizo hizo. Fomu inaweza kufungwa kwa ufunguo wa siri mara tu inapomalizika, na daftari lake likafungwa pamoja nayo, hata mwenye simu asiweze kuisoma tena. Simu inaweza kuwekwa ifute fomu baada ya kutuma. Mahali panaweza kuachwa kabisa, ikaandikwa tu jina la kijiji au la grupema. Muda wa maswali peke yake unatosha kugundua sehemu kubwa ya udanganyifu, kwa hiyo anayeomba GPS ya kila dakika Masisi anapaswa kueleza anaitafutia nini.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya kidijitali ya Kongo, sheria-agizo namba 23/010 ya Machi 13, 2023, inalinda data za mtu binafsi, na alama za nyumba ya mtu ni data ya mtu. Mhami ana haki ya kumuuliza kijana aliye mbele yake: simu hii inaandika mahali pangu? Nani atasoma? Mhojaji naye anaweza kumuuliza mkubwa wake hivyo hivyo kabla ya kutoka, kwa sababu daftari linaloandikwa humo ndani linamhusu yeye kwanza.

Na mtu akijibu hapana kwenye ukurasa wa ruhusa, fomu iliyotengenezwa vizuri inafungwa hapo hapo. Daftari linabaki na mistari michache tu. Fomu hiyo fupi kichujio hakitakiwi kuitupa.